Mzuka Uliotoka Kitabuni: Riwaya ya Kutisha Ndani ya Wimbo wa Metali wa Mwaka 1980

Utangulizi

Hadithi inapohama kutoka kitabuni na kuingia katika wimbo, ni kipi kinachobaki na ni kipi kinachoachwa njiani? Swali hili limewashughulisha wanafasihi kwa muda mrefu, kwa kuwa hadithi hazina desturi ya kukaa mahali pamoja. Ngano hugeuzwa tamthilia, riwaya hugeuzwa filamu, nao utenzi ulioandikwa kwa wino huishi kwa koo za wanaoughani. Hata hivyo, mjadala wa uhawilishaji madarasani mara nyingi huishia kwenye swali moja tu: je, kazi mpya imekuwa aminifu kwa kazi asilia?

Makala haya yanadai kwamba swali hilo ni finyu. Yanachunguza mfano mmoja, yaani wimbo "Phantom of the Opera" wa bendi ya Uingereza iitwayo Iron Maiden, uliotolewa mwaka 1980. Wimbo huo ulichota maudhui yake kutoka riwaya ya Kifaransa ya Gaston Leroux iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1910. Hoja kuu ni kwamba mtunzi wa wimbo hakuisimulia upya riwaya hiyo. Aliacha wahusika na matukio karibu yote, akachukua kitu kimoja ambacho karatasi haiwezi kukitoa kikamilifu: hofu inayoingia kupitia sikio.

Huenda msomaji akauliza wimbo wa Kiingereza wenye magita ya kishindo unamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Manyatta, kwenye miteremko ya Mlima Kenya juu ya mji wa Embu. Unamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, zana za kuuchambua wimbo huo ni zile zile anazozitumia katika fasihi simulizi: nafsi, takriri, taharuki na uamilifu wa wimbo. Pili, miteremko hiyo ina hazina yake ya masimulizi ya kutisha, na uhai wa masimulizi hayo unategemea kama yatapata vyombo vipya vya kuyabeba.

Fasihi ya kigothi na muziki wa metali

Fasihi ya kigothi ni aina ya fasihi ya Ulaya ambayo lengo lake kuu ni kuibua hofu. Kwa kawaida chanzo chake huwekwa mwaka 1764, wakati Mwingereza Horace Walpole alipochapisha The Castle of Otranto. Baadaye zilifuata kazi kama Frankenstein ya Mary Shelley mwaka 1818, hadithi fupi za Mmarekani Edgar Allan Poe, na Dracula ya Bram Stoker mwaka 1897. Sifa za aina hii zinatambulika kwa urahisi: jengo kubwa lenye vyumba vya siri, njia za chini ya ardhi, siri ya kale inayowaandama walio hai, msichana aliye hatarini, na kiumbe ambaye msomaji hana hakika kama ni mtu au si mtu.

Muziki wa metali ulizaliwa baadaye sana, na ulizaliwa viwandani. Bendi inayohesabiwa na wengi kuwa chanzo chake ni Black Sabbath ya mji wa Birmingham. Mpiga gita wake, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine alipokuwa kijana akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Ili aendelee kupiga gita alijitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akalegeza nyuzi za gita lake, jambo lililochangia ule mlio mzito unaojulikana leo. Jina la bendi lilitokana na filamu ya kutisha ya Mario Bava ya mwaka 1963. Albamu yao ya kwanza ilitoka tarehe 13 Februari 1970, nayo inafunguliwa kwa sauti ya mvua, radi na kengele kabla ya gita kuingia. Ni mandhari ya kigothi iliyochorwa bila neno hata moja.

Kwa hiyo, Iron Maiden haikuwa ya kwanza kuunganisha magita na mizuka. Kundi hilo liliundwa na mpiga gita besi Steve Harris mjini London mwishoni mwa mwaka 1975. Jambo jipya lililofanywa na Harris ni kuiendea fasihi yenyewe waziwazi, kwa jina la kitabu, na kukitungia wimbo wa zaidi ya dakika 7. Njia hiyo aliifuata tena katika wimbo wa mwaka 1981 uliobeba jina la hadithi ya Poe kuhusu mauaji ya Paris, na mwaka 1984 katika wimbo wa zaidi ya dakika 13 uliojengwa juu ya shairi la baharia mzee la Samuel Taylor Coleridge.

Riwaya ya Leroux: hofu inayosikika

Gaston Leroux alikuwa mwanahabari kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya. Riwaya yake ya mzuka ilianza kutolewa kwa sehemu katika gazeti la Le Gaulois mnamo Septemba 1909, ikakamilika Januari 1910. Mandhari yake ni jumba la opera la Paris lililobuniwa na Charles Garnier na kufunguliwa Januari 1875. Opera, kwa ufupi, ni tamthilia ambayo mazungumzo yake huimbwa huku okestra ikipiga.

Leroux aliijenga hofu yake juu ya mambo ya kweli. Jumba hilo lilijengwa mahali penye maji mengi ardhini, ikalazimu litengenezwe birika kubwa chini ya msingi. Birika hilo ndilo lililogeuka kuwa ziwa la siri katika riwaya. Tarehe 20 Mei 1896, uzani mmoja uliokuwa ukishikilia taa kubwa ya vioo ulianguka wakati wa onyesho na kumuua mwanamke mmoja. Katika riwaya, ni taa yenyewe inayoanguka. Aidha, mnamo Desemba 1907 santuri zenye sauti za waimbaji mashuhuri zilifungiwa katika ghala la chini la jumba hilo ili zifunguliwe baada ya miaka 100. Msimulizi wa Leroux anadai kwamba mabaki ya mzuka yaligunduliwa wakati wa kuchimba mahali pa kuzika santuri hizo.

Maelezo hayo ya mwisho yanastahili kuzingatiwa. Mwili wa mzuka unapatikana mahali ambapo sauti za watu zinazikwa. Hapo ndipo ufunguo wa riwaya nzima ulipo. Erik, mhusika anayeitwa mzuka, ni binadamu mwenye uso wa kutisha anayeishi chini ya jumba. Kwa sehemu kubwa ya kisa haonekani. Husikika. Anamfundisha kuimba msichana Christine Daaé kupitia ukuta, naye msichana anaamini kwamba anayemfundisha ni malaika wa muziki aliyetumwa na marehemu baba yake. Raoul, kijana anayempenda Christine, anasimama nje ya mlango akisikia sauti ya mwanamume, kisha anaingia chumbani na kukikuta kitupu. Mwimbaji mashuhuri Carlotta anafungua kinywa jukwaani na kutoa sauti ya chura.

Ni dhahiri basi kwamba hofu ya riwaya hii ni hofu ya sikio. Lakini hapa pana kizuizi ambacho Leroux hakuweza kukivuka. Kitabu hakitoi sauti. Mwandishi anaweza kusema kwamba sauti ya Erik ilikuwa tamu na ya kutisha kwa pamoja, na msomaji hana budi kumwamini. Riwaya yote inazungumzia muziki ambao hakuna msomaji aliyewahi kuusikia.

Wimbo wa Harris: fani kama simulizi

Albamu ya kwanza ya Iron Maiden ilitoka Aprili 1980. Waliopiga ni Harris kwenye besi, Dave Murray na Dennis Stratton kwenye magita, na Clive Burr kwenye ngoma. Mwimbaji alikuwa Paul Di'Anno, aliyefariki Oktoba 2024. Wimbo "Phantom of the Opera" ulitungwa na Harris peke yake.

Anayeutafuta muhtasari wa riwaya katika wimbo huu hataupata. Christine hatajwi. Raoul hatajwi. Taa haianguki, wala hakuna busu la huruma ambalo katika riwaya linamfanya Erik awaachilie mateka wake. Kwa kigezo cha uaminifu, wimbo huu umeshindwa. Tukio la mapenzi ambalo Andrew Lloyd Webber aliliweka katikati ya tamthilia yake ya muziki, iliyoanza kuonyeshwa London mwaka 1986, halina nafasi yoyote hapa.

Kilichopo ni mchezo wa nafsi. Maneno ya mwanzo yanatamkwa na mtu ambaye amemsaka mwenzake kwa muda mrefu na anaapa kwamba hataponyoka. Si rahisi kubaini kama anayesema ni mzuka anayemwinda mtu, au mtu anayeuwinda mzuka. Baadaye inaingia sauti ya kuonya, inayomtaka anayesikiliza akae mbali na asinase mtegoni. Kuelekea mwisho, nafsi inayozungumza inamkabili mzuka moja kwa moja na kukiri kwamba imekwisha kudhurika akilini. Mwimbaji wa nafsi zote hizo ni mmoja, na hakuna kinachotangaza mabadiliko. Msikilizaji anajikuta katika hali ile ile ya Raoul mlangoni: anasikia sauti, lakini hajui mwenyewe ni nani.

Muundo wa muziki nao unasimulia. Wimbo unafunguliwa na kipande kifupi cha gita chenye mapigo ya haraka, kinachorudiwa kabla ya mwimbaji kusikika. Takriri hii inafanya kazi kama nyayo za mtu anayekuja. Baada ya beti za mwanzo, mwimbaji ananyamaza kwa muda mrefu. Mwendo unabadilika, vyombo vinapungua, besi inashika njia, kisha magita mawili yanaingia taratibu na kupiga sauti zinazoandamana kama watu wawili wanaotembea bega kwa bega gizani. Kasi inapanda tena, na hatimaye mwimbaji anarejea. Sehemu hiyo isiyo na maneno ndiyo safari ya kushuka chini ya jumba. Leroux aliijaza ngazi, milango ya siri, mashua na ziwa. Harris aliijenga kwa kubadilisha mwendo.

Taharuki, ambayo katika riwaya hutokana na msomaji kutojua litakalotokea katika sura inayofuata, hapa inatokana na sikio kutojua mapigo yatakwenda wapi. Kwa maneno mengine, fani imechukua jukumu la ploti. Na katika jambo moja wimbo umekipita kitabu: muziki ambao Leroux aliweza kuueleza tu, hapa unasikika.

Mhunzi, zimwi na ndege

Mwanafunzi aliyekulia katika jamii za Mlima Kenya hatashangazwa na ndoa hii ya wimbo na hofu. Miongoni mwa Wagikuyu, ambao lugha yao ina udugu wa karibu na Kiembu, ipo ngano mashuhuri ya mke wa mhunzi. Mume amekwenda mbali kufua vyuma. Mke anajifungua akiwa peke yake, na irimu, yaani zimwi, linaingia nyumbani. Linajifanya kumpa chakula, kisha linakila lenyewe, naye mama anadhoofika siku baada ya siku. Mwishowe anampata ndege anayekubali kutumwa. Ndege anaruka hadi mahali pa wahunzi na kuimba ujumbe wake, akiurudia hadi mhunzi anapotambua kwamba anayeimbiwa ni yeye. Mhunzi anarejea na kuliua zimwi.

Ukiondoa wimbo wa ndege, ngano hiyo inasambaratika. Katika fasihi simulizi wimbo hutajwa kuwa na uamilifu mwingi: kutenganisha matukio, kuwashirikisha wasikilizaji, kupitisha ujumbe, kuondoa uchovu. Katika ngano hii wimbo unafanya kazi kubwa zaidi. Ndio unaovuka umbali kati ya mhasiriwa na mwokozi, na ndio unaoibeba hofu kutoka nyumbani hadi kiwandani. Hadhira inapouitikia, inakuwa imeingia ndani ya hatari hiyo. Kila takriri ni dakika moja zaidi ambayo mama yumo mikononi mwa zimwi.

Ulinganisho huu unaonyesha jambo ambalo nadharia ya mwingiliano matini, iliyopewa jina na Julia Kristeva mwishoni mwa miaka ya 1960, imelisisitiza daima: matini moja huishi ndani ya nyingine kwa namna nyingi. Katika ngano ya mhunzi, wimbo umo ndani ya hadithi. Kwa Harris, hadithi imo ndani ya wimbo. Lakini katika hali zote mbili, kinachoifanya hofu imfikie msikilizaji ni sauti inayorudiwa. Harris hakufanya jambo geni. Alikirudisha kitabu mahali ambapo masimulizi ya kutisha yalianzia, yaani masikioni.

Mzuka wa nyumbani

Kiswahili nacho kina mizuka yake ya maandishi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, riwaya ambamo mauaji yanatokea mahali panapoogopwa kwa sababu ya mizimu, na Bwana Msa anaonyesha kwa hoja kwamba mkosaji ni binadamu. Ufanani na Leroux ni wa kushangaza. Leroux pia aliandika hadithi za upelelezi, na mzuka wake pia, mwisho wa yote, ni mtu. Waandishi wote wawili wanaitumia hofu ya kisichoonekana ili kufichua matendo ya anayeonekana.

Muziki wa metali nao si mgeni tena Afrika Mashariki. Mwaka 2020, wanamuziki wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu iitwayo Duma kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kwa msomaji wa Kiswahili, duma ni mnyama mwenye mbio. Lakini wasanii hao walilichukua jina kutoka Kikuyu, kwa maana ya giza. Neno moja linasomeka kwa lugha mbili, na katika kila lugha linatoa taswira inayoufaa muziki huo: kasi katika moja, hofu katika nyingine. Mwaka 2024, Khanja, anayejulikana kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu The Adept aliyoihusisha na kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, mama wa vizazi vilivyomtangulia katika ukoo wake na mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha fildi mashali.

Hapa muziki wa hofu unakutana na historia ya hofu. Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 iliwakumba pia watu wa Embu na Meru, na misitu ya Mlima Kenya ilikuwa makazi ya wapiganaji kwa miaka kadhaa. Kwa familia zilizoishi ukingoni mwa msitu, sauti usiku nje ya nyumba haikuwa mbinu ya kifasihi.

Hata hivyo, muziki huu mara nyingi hupuuzwa kuwa kelele, au hushutumiwa kuwa wa kishetani, kabla haujasikilizwa. Shutuma hiyo ina hasara kwa taaluma. Mtu anayeiita ngano ya irimu ibada ya mazimwi angerekebishwa mara moja darasani, kwa kuelezwa kwamba zimwi katika ngano ni kielelezo cha ulafi, dhuluma na hatari ya kuachwa peke yako. Kigezo hicho hicho kinastahili kutumiwa kwa wimbo wa Harris, ambao nafsi yake haimsifu mzuka bali inaonya dhidi yake na kulalamikia madhara yake.

Hitimisho

Riwaya ya Leroux haikudumu kwa kulindwa kabatini. Ilidumu kwa kuhamahama: filamu isiyo na sauti ya mwaka 1925 ambamo Lon Chaney aliigiza kama Erik, wimbo wa mwaka 1980, tamthilia ya muziki ya mwaka 1986. Kila kizazi kilichukua sehemu iliyokifaa na kuziacha nyingine. Filamu ya Chaney ilichukua uso, tamthilia ya Webber ikachukua mapenzi, na wimbo wa Iron Maiden ukachukua sauti. Hakuna hata moja iliyokuwa aminifu kikamilifu, na zote zimekifanya kitabu kiendelee kutafutwa.

Ngano za irimu, kwa upande wao, zimepata chombo kimoja kikuu tangu wasimulizi wa jioni walipoanza kupungua, nacho ni mkusanyiko wa shuleni. Humo zimeandikwa, zimetafsiriwa na zimewekewa maswali ya ufahamu. Zimehifadhiwa, lakini wimbo wa ndege umegeuka kuwa mistari michache iliyochapwa kwa herufi za mlazo, na mwanafunzi huipita kwa macho ili afike mwisho wa kisa. Ni hali ile ile ya kitabu cha Leroux kabla ya gita: muziki unatajwa, hausikiki.

Kazi iliyo mbele ya mtafiti kijana wa Kiswahili inaweza kuanza na jambo dogo. Anapoirekodi ngano kwa bibi au babu katika vijiji vya Manyatta, asiuache wimbo uwe kiambatisho cha maneno tu. Aurekodi kwa sauti, aeleze mapigo yake, mahali unapoharakishwa na mahali msimulizi anaponyamaza. Hapo atakuwa ameihifadhi sehemu ya ngano inayotisha. Na anayetaka kuihawilisha ngano hiyo kesho, kwa gita, kwa ngoma au kwa jukwaa, atakuta kwamba ndege bado anaimba.